Mwaka Ambao Verna Tregenza Alinyamaza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama birika iko jikoni, ibandikeni kabisa, tunywe tukiwa pamoja.

Leo tunamkumbuka Verna Tregenza wa hapa Murrindoo, aliyetutoka juma lililopita akiwa na miaka themanini na moja. Verna Tregenza. Kama umewahi kuegesha gari kando ya uwanja wetu siku ya Jumamosi, huna haja ya kuambiwa ni nani. Masikio yako yanamjua.

Alizaliwa shambani, kwenye ngano, upande wa pili wa kilima, kitinda mimba katika nyumba iliyojaa kaka. "Kwao usipopaza sauti hupati kiazi," anasema mumewe, mzee Lindsay. Verna alipaza. Alipoanza shule, mwalimu alimkalisha dawati la nyuma kabisa. Baadaye akamkalisha varandani. Darasa likaendelea kumsikia vizuri tu.

Akaolewa na Lindsay, mtu wa maneno machache. Verna alipenda kusimulia alivyochumbiwa. "Aliniuliza kama napenda kondoo. Nikasema siwachukii. Basi, akaenda kumwambia baba."

Lindsay alikuwa beki wa mwisho wa timu ya Murrindoo, katika mpira wetu huu wa kupiga kwa mguu na kudaka kwa mikono, jezi namba ishirini na mbili. Na kazi ya beki wa mwisho mnaijua. Ni kuhakikisha hakuna kinachotokea. Mshambuliaji akifunga, magari yote ya upande wake yanapiga honi. Beki akimzuia, nani atapiga honi? Watu wanamimina chai.

Watu wote isipokuwa mmoja. Verna alikuwa akisimama kando ya gari lao la bluu, Holden, pai ya nyama mkono mmoja, na kumwelekeza mwamuzi kazi yake. "We koti jeupe! Huyo ni Lindsay Tregenza! Namba ishirini na mbili! Umemwona au hukumwona?" Mechi nzima. Misimu kumi na minane.

Sasa tuje kwenye Medali ya Hocking, heshima kubwa kuliko zote anayoweza kuipata mchezaji mmoja katika ligi yetu. Kila mechi ikiisha, mwamuzi huandika majina matatu. Aliyecheza vizuri kuliko wote, kura tatu. Wa pili, mbili. Wa tatu, moja. Bahasha inafungwa, haifunguliwi mpaka msimu uishe. Kumbukeni hilo, wapendwa: anayetoa kura ni mwamuzi. Na bahasha haifunguliwi.

Hakuna beki wa Murrindoo aliyewahi kuivaa medali hiyo. Lindsay aliitaka. Hakuwahi kulisema, lakini Verna alimkuta siku moja zizini akijipimia kifuani kengele ya kondoo, akigeuka huku na huku mbele ya dirisha.

Msimu ule Lindsay alikuwa na miaka thelathini na minane. Goti lake lililia kama mlango wa stoo. Kila mtu alijua ni msimu wa mwisho, na yeye alijua. Basi akacheza mechi mbili za kwanza kama mtu aliyeazima miguu ya kijana. Mpira haukupita. Dukani watu wakaanza kuambiana, "Mwaka huu ni wa Lindsay."

Jumapili iliyofuata, mwenyekiti wa klabu, Clem Oates, akaja nyumbani kwa Tregenza. Alivua kofia. Alikula keki, akala na ya pili. Halafu akasema, "Verna, dada yangu, waamuzi ni binadamu."

"Hilo sina uhakika nalo," Verna akajibu.

"Wewe unawatukana mchana kutwa, halafu jioni wampe mumeo kura? Ungekuwa wewe ungempa?"

Verna akamtazama Lindsay. Lindsay alikuwa anatazama keki.

"Unataka kuniambia ni mimi? Miaka yote hii ni mimi?"

"Sijasema hivyo," Clem akasema. "Nasema jaribu kunyamaza. Msimu mmoja tu."

Ni kama kuuambia mto usimame, wasikilizaji wapendwa. Lakini Verna alimpenda Lindsay. Akakubali.

Jumamosi hiyo alikaa ndani ya Holden, vioo vimepandishwa hadi juu, pipi mbili mdomoni. Binti yao, Glenys, alikuwa kiti cha nyuma na mbwa. Anakumbuka hivi: "Mama alikuwa anapiga kelele ndani ya gari, vioo vikajaa mvuke, hatuoni hata uwanja. Kwa hiyo alikuwa anamfokea mwamuzi ambaye hamwoni. Mbwa alivumilia mechi tatu. Ya nne, kila akisikia Jumamosi, anaingia chini ya kitanda."

Akahamia kwenye kufuma. Akaanza skafu. Kila Lindsay akichezewa vibaya, sindano zilikimbia. Kufikia katikati ya msimu skafu ilimtosha farasi. Na Lindsay alikuwa akicheza vizuri ajabu! Wazee walisema hawajaona. Clem alipita kando ya Holden, akagonga kioo, akainua kidole gumba. Verna alimwonyesha sindano.

Kisha ikafika mechi ya mwisho, dhidi ya Port Daly. Dakika za mwisho, Lindsay akaruka kuudaka mpira. Mshambuliaji wa Port Daly akamshika bukta kwa nyuma, akaivuta mpaka mji mzima ukamjua Lindsay zaidi ya ilivyostahili. Mwamuzi, Basil Crewe, hakupuliza filimbi.

Mlango wa Holden ukafunguka. Verna akapanda juu ya boneti, skafu imemzunguka miguu.

"BASIL CREWE! Huyo ni Lindsay Tregenza! Namba ishirini na mbili! Amefanya kazi tangu saa nane mchana, amefanya kazi miaka kumi na minane! UMEMWONA AU HUKUMWONA?"

Hata ndege walitua. Verna akashuka, akaingia garini, akajifunika skafu usoni. "Nimemuulia medali," akamwambia Glenys. "Mechi ya mwisho kabisa, mdomo wangu umeiua."

Nyumbani Lindsay alisema neno moja tu. "Chai?"

Kura zilisomwa Jumapili mchana, ukumbi wa klabu, baada ya nyama ya kondoo. Katibu wa ligi akafungua bahasha moja moja. Mechi ya kwanza: L. Tregenza, kura tatu. Watu wakagonga meza. Mechi ya pili: L. Tregenza, kura tatu. Clem akasimama kabisa.

Mechi ya tatu: hakuna. Ya nne: hakuna. Mechi ambayo Lindsay alibebwa mabegani: hakuna. Bahasha baada ya bahasha, Lindsay hayumo. Watu wakaanza kuhesabu kwenye vidole. Halafu, meza moja moja, vichwa vikageuka kumtazama Verna. Halafu vikageuka kumtazama Clem. Clem alikuwa akijaribu kuingia ndani ya kofia yake.

Mechi ya mwisho: L. Tregenza, kura tatu.

Jumla tisa. Kijana mmoja wa Port Daly alikuwa na kumi. Medali ikaenda Port Daly.

Verna alimfuata Basil Crewe kwenye meza ya pudini. "Nieleze."

"Mama," Basil akasema, "sisi tunakimbia tukiufuata mpira. Beki mzuri hatumwoni, kwake hakutokei kitu. Mechi ikiisha tunakaa bafuni, matope mpaka masikioni, kalamu mkononi. Nani alicheza vizuri? Linakuja lile jina lililokuwa linalia kichwani."

"Kumbe mlikuwa mnanisikia?"

"Ng'ombe wa Port Daly walikuwa wanakusikia."

"Na nilipokaa kimya, hakuna aliyeuliza niko wapi?"

"Tulidhani umehamia kwa dada yako. Tulifanya sherehe ndogo."

Verna alirudi mezani akilia. Lindsay akamsogezea kiti. Mzee Lindsay anakumbuka alichomwambia, kwa sababu, anasema, ni hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. "Nilimwambia, Vern, medali ningeiweka kwenye droo. Lakini mechi zile za kimya, nilicheza kama mtu anayekula peke yake. Usinifanyie tena hivyo."

Hakumfanyia. Hakumfanyia mtu yeyote. Tangu siku hiyo Verna alitaja majina. Alitaja mabeki wetu wote, wabaya kwa wazuri. Alisimama kwenye karamu akatangaza, "Keki hizi ni za Ivy! Ivy, simama!" Ivy akatamani ardhi immeze, na akaoka zaidi.

Jumamosi iliyopita klabu ilitaka kumpa dakika moja ya kimya. Mzee Lindsay akainua fimbo. "Kimya? Kwa Vern? Mnataka afe mara ya pili?"

Basi ikawa dakika ya honi. Magari yote, pande zote mbili. Mwamuzi, binti mdogo mgeni kwenye ligi, alisimama katikati asijue kakosa nini. Honi zilipokwisha, Lindsay, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumfokea mwamuzi, alisimama kando ya uwanja, akashika uzio.

"Huyo alikuwa Verna Tregenza!" akasema, sauti ikakatika, akaanza upya. "Verna Tregenza! Mlimsikia au hamkumsikia?"

Tulimsikia, mzee wetu.

Kwako Lindsay, kwako Glenys, na kwa wajukuu, poleni sana. Redio hii inalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tuangalie nyumbani mwetu jioni hii. Yupo mtu anayezuia mabaya yasitokee, na kwa kuwa hayatokei, hatumwoni. Nendeni mkamtaje jina. Kwa sauti. Majirani wakilalamika, waambieni ni Verna.