Anaclet Bwalya, Mshonaji wa Barazani

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1957, Baba Anaclet Bwalya anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika duka letu la mashine za kushonea, Delvoye, hapa Élisabethville. Wengi mnamjua kama yule mzee wa barazani mwenye futi ya kupimia kitambaa shingoni, hata akienda misa.

Alizaliwa Mitwaba, akaletwa mjini na baba yake aliyefanya kazi ya reli. Kushona alifundishwa na mama yake, kwa sindano ya mkono. Kazi aliyopewa hapa ilikuwa kushona mbele ya wapita njia, ili waione mashine na kuitamani. Aliifanya vizuri mno. Siku moja tu, akishindana na mshonaji wa duka jirani, aliunganisha mkono wa koti lake mwenyewe na suruali ya mteja. Mteja alisubiri, baraza zima likicheka.

Mwaka 1949 mauzo yalilegea. Mkuu wa mauzo wa wakati ule, ambaye amesharudi Ulaya, alitunga maneno ya kutangaza kwa kipaza sauti: mwanamke wa mjini anayewavika watoto nguo za sindano ya mkono anawaaibisha. Baba Anaclet alitakiwa ayaseme. Akamfuata ofisini.

"Mashini iko muzuri, patron," alimwambia. "Lakini siwezi kuambia bantu kama kazi ya mikono ya mama yabo iko aibu."

Akapelekwa ghalani kubeba marobota. Jeannot, mwenzetu wa dukani, aliyasema badala yake, na tuwe wakweli: mashine ziliuzwa kuliko wakati wowote. Watu ambao hawakuwahi kuzifikiria walipanga mstari tangu asubuhi.

Miezi ikapita. Baba Anaclet alipeleka kifurushi kwa Mama Victorine, mke wa fundi wa reli, akaiona mashine yake sebuleni imefunikwa kitambaa, juu yake maua. Akauliza kama imeharibika.

"Hapana, baba," mama alijibu polepole. "Nilinunua juu ya aibu tu. Kushona, sijue."

Jumapili iliyofuata alirudi na vipande vya nguo kuukuu, akamwonyesha namna ya kuingiza uzi. Majirani wakaja na mashine zao, nyingine bado zina karatasi ya kiwandani. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Mkuu mpya aliposikia, alimrudisha barazani awafundishe wanunuzi. Maneno ya kipaza sauti yaliendelea mwaka mwingine mzima, maana yalileta wateja.

Juzi nilimuuliza: watu walihitaji mashine hizi, au tuliwatia tamaa tu? Alikata uzi kwanza.

"Siku alinunua, Mama Victorine hakukuwa na lazima nayo," alisema. "Lakini leo ukimunyanganya, atalia."

Asante, Baba Anaclet, kwa kazi yako na kwa Jumapili zako. Wewe na Mama Delphine, mkeo, tunawaombea afya, usingizi wa kutosha, na wageni wasiokuja na suruali za kupunguza.