Filda Alum na Mfereji wa Watu Wote

Zamani, katika ua wa vyumba sita nyuma ya duka la Mhindi kule Old Kampala, ulikuta mfereji mmoja na watu wakisubiriana; siku hizi unakuta mfereji ule ule, una kufuli, na watu wakiviziana. Aliyeusimamia ua huo tunamzika leo hapa Aloi, kwenye boma la mume wake. Nasoma kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani zake waliopanda basi kutoka Kampala kuja kumsindikiza, na kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyoamulia ugomvi wao.

Marehemu Filda Alum alizaliwa Aboke tarehe 9 Mei 1926, mtoto wa tatu wa katekista Erinayo Odur na mkewe Acayo. Baba yake aliongoza kikundi cha kulima kwa zamu, ambacho sisi Walango tunakiita wang tic, na katika kikundi chake shamba la mjane lilikuwa likilimwa kwanza. Vijana wa leo wanasikia jambo hilo kama hadithi. Filda alilikuta likitendeka, akalichukua kuwa ndivyo dunia ilivyo.

Alisoma kwa masista Ngeta kuanzia mwaka 1936 hadi 1939, madarasa manne, ambayo ni manne zaidi ya niliyopata mimi. Huko alijifunza cherehani.

Tarehe 18 Januari 1947 alifunga ndoa katika kanisa la Ngeta na mdogo wangu Tarcisio Ogwal, askari polisi. Walijaliwa watoto wanne. Wawili walifariki wachanga, wakabaki Augustin na Akot. Waliishi kwanza katika nyumba za polisi Nsambya, na mwaka 1959, Tarcisio alipokuwa sajini, wakapanga chumba cha tatu katika ua ule wa Old Kampala. Filda alishona barazani kwa mwenye nyumba, Mhindi wa vitambaa. Mwenye nyumba ndiye aliyelipia maji, akafunga geti, akaamua nani aanike wapi. Mwaka 1972 Wahindi walipofukuzwa, alimwachia Filda ufunguo wa mlango wa nyuma, akapanda gari akilia. Wapo waliocheka siku ile. Sasa hawacheki tena.

Familia sita zilibaki na ua usio na mwenyewe: Wanubi wawili, ambao ni Waislamu, Walango wawili, Waacholi wawili. Walikutana penye mfereji, wakamchagua Filda. Taratibu alizoziweka hazikuandikwa popote, na kila mtu alizijua. Maji ya kwanza ya asubuhi yalikuwa ya wanaokwenda kutawadha. Nyama ya nguruwe haikuingia jiko la pamoja. Jioni za Ramadhani wanawake Wakristo waliyaacha mafiga yote kwa wenzao, na siku ya Krismasi wenzao wakawapikia. Sare za askari zilianikwa kamba ya ndani, zisionekane kutoka barabarani. Aliyeziba njia kwa kitu chake aliwachotea maji majirani wote.

Siku moja baiskeli ya Tarcisio ilikutwa imeegemezwa mlangoni pa jiko. Filda akampelekea ndoo.

“Mama Augustin, mimi ni sajini,” Tarcisio akasema.

“Usajini umeuacha getini, baba. Humu wewe ni wa chumba cha tatu. Chota.”

Abdu, dereva wa lori, Mnubi wa chumba cha tano, alikuwa amekaa kizingitini akipiga mswaki. “Afande,” akasema, “ndoo ya mke wangu ni ile ya bluu. Ijaze mpaka juu, yeye hapendi nusu nusu.”

Tarcisio alichota ndoo zote. Nilikuwapo, nikacheka mpaka nikakohoa. Mke aliyemhukumu mume wake mbele ya watu, na mume akatii, na heshima ya mtu haikupungua: tafuteni nyumba ya namna hiyo mjini leo.

Utaratibu mkubwa ulikuwa wa mlango wa nyuma, unaotokea kichochoroni. Mwaka 1973 mpangaji mmoja alitaka kupitishia hapo mali za maduka yaliyoachwa. Ua ukakataa, na wote wakakubaliana: mlango ule utafunguliwa kwa kutoa maiti na kwa shida kubwa tu, na mwenye shida hataufungua peke yake. Atasimama naye jirani wa dini nyingine, washike ufunguo pamoja. Mkristo alihitaji Mwislamu, Mwislamu alihitaji Mkristo. Kwa miaka minne hakuna aliyelivunja hilo, hata wakubwa wa jeshi walipokuja kuomba wawekewe magunia.

Karatasi mliyoshika inasema kwamba mwaka 1977 Filda “aliondokewa na mume”. Hayo ndiyo maneno ambayo mpiga chapa alikubali kuyachapa. Ilivyokuwa ni hivi, na wenyewe, Abdu na mkewe, wameniruhusu kuwataja.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, mchana, wiki zile ambazo Walango na Waacholi walikuwa wakichukuliwa mmoja mmoja. Tarcisio alikuwa uani akinyoa ndevu. Safinah, mke wa Abdu, akiwa getini aliliona gari likija.

“Mama Augustin! Wamekuja! Mtoe mzee!”

Filda alikuwa na ufunguo kiunoni. Mlango wa nyuma ulikuwa mbele yake. Hakuufungua. Alisimama akaita, “Safinah, njoo ushike!”

“Fungua tu, mama! Nani atakuuliza leo?”

“Njoo ushike nami.”

Safinah akakimbia, mikono imejaa unga, akapita chini ya kamba za nguo. Wakaushika ufunguo pamoja, wakafungua. Kichochoroni walikuwa wamesimama watu wawili wenye miwani myeusi, na mmoja wao akasema, “Asanteni.” Walimchukua Tarcisio na povu shavuni.

Wapo waliosema, na wengine wako hapa leo, kwamba Filda alimuua mume wake kwa ukaidi. Angefungua mara moja, Tarcisio angekuwa ameshafika bondeni. Labda. Labda wale wawili walikuwa wamekwisha kusimama. Mimi sijui, na wanaosema hawajui. Ninalojua ni kwamba mtu aliyezoea haki, miguu yake huifuata kama inavyofuata njia ya nyumbani, haingoji kuulizwa. Sisi tumezoea kukimbia, ndiyo maana tunamshangaa.

Yeye mwenyewe hakujisamehe. Alimuuliza Safinah mara nyingi, “Ulikuwa mbali kiasi gani?” Safinah akimjibu, “Nilikuwa karibu, mama, nilikuwa karibu sana.” Abdu alitumia majina ya jamaa zake jeshini kutafuta habari. Siku ya mwisho ya kutafuta alirudi, akaketi kando ya Filda, akavua kofia.

Baada ya hapo jirani zetu Waacholi walihamia Kyebando kimya kimya, na Walango wa chumba cha kwanza wakavuka mpaka. Vyumba vyao wakapewa ndugu za mkubwa mmoja wa jeshi. Hawa walijenga ukuta wa mabati katikati ya ua, jiko likawa stoo ya magunia ya sukari, na mfereji ukawekwa kufuli. Abdu akapewa ufunguo wake, kwa kuwa ni Mnubi. Filda hakupewa. Abdu alipolalamika, waliuliza, “Mzee, unawaonea uchungu Walango?”

“Nauonea uchungu mfereji,” akajibu. “Mlango hauna kabila.”

Safinah alimchotea Filda maji kwa miezi mitatu. Kisha Filda akamkataza. Alisema maji yale yalikuwa ya ua, na kwamba akiyapokea kama hisani atakuwa ameutia sahihi ukuta. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikwenda mwenyewe na ndoo kupiga hodi kwenye mabati. Siku nyingine walimfungulia, siku nyingine walimwacha asimame. Wanawe walimsihi ahame, nami nilimsihi. Hakuhama.

Mwezi wa nne mwaka huu miguu ilianza kumvimba, halafu pumzi ikawa fupi. Hospitali walisema ni moyo, wakasema na dawa hakuna. Alifariki chumbani mwake alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1978, akiwa na miaka hamsini na miwili. Safinah alikuwa naye. Jeneza lilipitishwa mlango wa nyuma. Abdu na binti yetu Akot waliushika ufunguo pamoja.

Ameacha mwana, Augustin, ambaye hakuweza kufika na sitasema yuko wapi, binti, Akot, wajukuu watano, dada mmoja, mimi Saverio, shemeji yake, na majirani wawili ambao ukoo huu unawahesabu kuwa wake. Mume wake hatuwezi kumtaja kuwa yuko hai wala kuwa amekufa. Tumechimba kaburi moja na kuacha nafasi ya la pili. Mungu ampe Filda mahali pa kutua.

Mara ya mwisho nilimwona mwezi wa sita. Nilimkuta penye mabati na ndoo yake, miguu imevimba mpaka ndara hazimwingii. Msichana wa upande wa pili alichungulia.

“Nyabo, leo hatufungui. Hii mfereji iko ya kwetu.”

“Nimesikia, binti yangu. Nangoja zamu.”

“Zamu gani? Hakuna watu hapa!”

Nikamwambia, “Shemeji, twende, nitakununulia maji kwa wachuuzi.” Akasema, “Nenda, shemeji, basi litakuacha.” Akageuza ndoo, akaikalia. Nikaaga. Safinah akatoka chumbani mwake, ufunguo wa kufuli ukining’inia kidoleni, akautia ndani ya gauni lake la gomesi. Alikuwa amebeba ndoo ya bluu, tupu. Akaigeuza nyuma ya ile ya Filda, akakaa, akaangalia mbele. Nilipotazama tena kutoka getini, walikuwa bado kwenye foleni.