Kwaya ya Mzee Nyagaka

Leo, tarehe 30 Juni, Bw. Zablon Nyagaka, mchumi wa kampuni yetu ya chai, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ofisini mnaifahamu. Mimi niliyeketi meza moja naye nimeombwa niandike kuhusu mambo aliyoyapenda nje ya kazi.

Alipenda ndizi za kuchemsha, mpira wa redioni, na viazi vya kuchoma vya Kedowa. Chai hakunywa. Wageni wakishangaa, alisema harufu yake inamtosha, kisha anajimiminia uji.

Ila zaidi ya vyote alipenda kwaya. Kila Jumamosi alasiri aliwafundisha wachumaji wa majani katika kanisa la kambini, walikoishi wachumaji hao, yeye mwenyewe akiimba besi. Walishinda mashindano ya Kericho mara mbili. Walioshika sauti ya kwanza waliongozwa na Janefer Mongina, mchumaji kutoka Nyamira, ambaye Mzee alisema hajasikia mwingine kama yeye.

Kisha wakubwa wakamwuliza kama mashine za kuchuma zingeleta faida. Alipiga hesabu kwa uaminifu, akajibu kwamba zingeleta. Aliandika pia kwamba ziingizwe polepole, na wachumaji watafutiwe kazi nyingine. Wakubwa walichukua jibu la kwanza tu.

Mashine zikaja, wachumaji wakaachishwa kazi, na nyumba za kambini zikaanza kufungwa. Mongina alikuja ofisini kuaga, mtoto mgongoni.

"Mwalimu, sisi tunaenda nyumbani. Sasa sauti ya kwanza utampatia nani?"

Mzee alisimama, akamshika mkono. Mongina alipoondoka, Mzee alibaki amesimama akiutazama mlango.

Aliendelea kufungua kanisa kila Jumamosi. Walikuja saba, baadaye wanne, mwisho mlinzi Omollo peke yake, ambaye hajui kuimba. Tulimwambia hesabu haikuwa kosa lake. Alitujibu, "Ilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo shida yangu." Tangu hapo hatukumsikia akiimba hata kwa sauti ya chini.

Mwezi uliopita alisafiri hadi Nyamira akamtafuta Mongina. Alimkuta akiuza mboga kando ya barabara. Mongina alimkaribisha nyumbani, akampikia, wakaulizana habari za wenzao. Mzee alipomwomba aimbe ubeti mmoja tu, mama huyo alitikisa kichwa.

"Siwezi, mwalimu. Nikianza tu, nasikia wenzangu hawapo."

Mzee alitusimulia hayo jikoni mwa ofisi, akaosha kikombe chake, akarudi mezani.

Bw. Nyagaka, tunakushukuru kwa kazi safi na kwa Jumamosi zako. Tunakuombea afya njema na nyumba isiyokosa watu. Kwenye ratiba ya leo hatukuweka wimbo wa kukuaga. Tulitafuta wa kuuimba, tukakosa.