Kaburi la Kwanza la Mlalo Mpya

Mchungaji, wazee, ndugu na majirani zetu wa Kigombe, mimi Zebedayo, mdogo wake marehemu, nimepewa na ukoo kazi hii nzito, nanyi mnivumilie sauti ikikatika.

Marehemu Fanueli Shemhilu alizaliwa tarehe 6 Machi 1896 huko Mlalo, milimani, akasoma shule ya misheni hapo hapo hadi darasa la nne, na tarehe 14 Juni 1919 akafunga ndoa na Elizabeti, wakajaliwa watoto watatu, Eliudi, Praxeda na Bertha, ambao wote wapo hapa.

Mwaka 1926, ardhi ya baba ilipotubana, aliongoza kaya tisa kushuka Muheza kukata mkonge, na mwaka 1939 mkonge ulipofika hadi milangoni petu tukahamishwa, tukahamishwa tena 1947, mpaka Agosti 1951 tulipofika hapa na kupaita Mlalo Mpya, ambapo marehemu alipanda maharage ya mlimani, yakaungua kwa jua la pwani, akasema ni mwaka mbaya, akasema hivyo miaka minne.

Kosa letu lilikuwa moja, nalo lilitokana na mapenzi. Kila aliyefariki tulimpandisha Mlalo akazikwe kwa wazee wake, hata Elizabeti mwaka 1944 tulimbeba kwa machela siku tatu, kwa hiyo mwaka jana afisa wa ardhi alipouliza makaburi yetu yako wapi, hatukuwa na la kumwonyesha kama ushahidi kwamba hapa ni kwetu, akatuandika watu wa kambi, vibarua wa kupita tu, tuondoke kabla ya Desemba mwaka huu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tunalo miaka thelathini.

Januari 1957 kifua kilimshika, akalazwa Tanga, na tarehe 2 Mei akaagiza azikwe hapa, ingawa nafasi kando ya mkewe ilikwisha tengwa. Praxeda alimwuliza kwa machozi mama atabaki na nani, naye akajibu kwamba mama ana watu wengi kule, Mlalo Mpya haina hata mmoja. Alifariki tarehe 9 Mei, alfajiri. Inaniuma, sifichi, mume na mke kutenganishwa na karatasi, na kama kaburi hili litatubakiza hapa, sijui.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, wakata mkonge wenzake, na jirani yetu Bwana Khalifa na wanawe waliotuonyesha namna ya kuchimba, maana kaburi la mchangani hatukulijua, kuta zilibomoka mara mbili.

Pumzika kwa amani, kaka. Hutalala peke yako siku nyingi, kwani nami nimekwisha kuwaambia wanangu wasinipandishe tena mlimani.