Felista Paulo Mkude, Aliyekataa Kurudisha Kadi ya Chama

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamooni wakubwa wote. Mimi ni Upendo, mjukuu wa marehemu, niko kidato cha tatu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyemchosha kwa maswali kuliko wote.

Bibi Felista alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa Nyandira, Mgeta, kwa mzee Paulo na mama Magdalena, wakulima wa mboga. Alimaliza darasa la saba hapahapa mwaka 1977. Shuleni alipenda hesabu, akachukia baridi ya asubuhi.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha magunia mjini Morogoro, akiendesha mashine ya kufuma. Mwaka 1988 alifunga ndoa na Emmanuel, dereva wa kiwandani hapo. Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 2010 alijiunga na chama cha wafanyakazi, wenzake wakamchagua awawakilishe. Wiki ileile msimamizi wake, Bwana Sufiani, akamtoa kwenye mashine na kumkabidhi ufagio wa uani. "Rudisha kadi ya chama, nikurudishie mashine," akamwambia. Bibi hakurudisha. Alifagia, huku akipeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Huko Bwana Sufiani alijitetea hivi: "Mheshimiwa, mimi Mzigua, huyu Mluguru. Sisi watani! Ule ulikuwa utani tu."

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka sana, kisha akasema: "Mtani akinitania, namrudishia. Sasa huyu bosi ningemrudishia nini? Nimpe yeye afagie?"

Msuluhishi akauliza ni utani gani unaodumu miezi minne. Akaeleza kuwa sheria ya ajira inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uanachama wake. Mwajiri akatia saini kumrudisha. Jumatatu Bibi alikuwa kwenye mashine yake, na wenzake waliokuwa wakiogopa wakaanza kuulizia kadi.

Alistaafu mwaka 2018, akarudi kulima karoti. Mwaka 2023 alipata kiharusi. Nilipokuwa nikimlisha uji nilimuuliza, "Bibi, kama ungeshindwa, ungefanyaje?"

"Ningeendelea kufagia."

"Na kadi?"

"We mtoto! Ningefagia nayo mfukoni."

Alifariki hospitalini, mjini Morogoro, tarehe 7 Juni 2025, mikononi mwa mama yangu. Hakuhangaika.

Ameacha mume, Emmanuel, watoto watatu, Faraja, Thobias na Hosiana, wajukuu saba, na wanachama wa tawi lake. Hao ndio waliolibeba jeneza kutoka barabarani hadi hapa juu, wamevaa fulana za chama mchana kweupe. Kiwanda kimewapa ruhusa, na kesho kila mmoja anarudi kwenye mashine yake.

Bibi yetu, pumzika kwa amani ya Bwana.