Revocatus, Aliyejua Vita Vilianzaje

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Revocatus, aliyetutoka Jumatano. Mjane wake, Mama Melania, ametuomba tusimpambe. Basi hatutampamba. Revocatus alikuwa na wivu.

Mwaka 1998 alikuwa Guangzhou, China, akisoma historia kwa ufadhili. Kila Jumapili Waafrika wa mtaa wa Sanyuanli walikutana chumbani kwa Jovitha, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwanza. Vita vya Kongo vilikuwa vimewaka. Revocatus alieleza chanzo: mipaka, madini, wakoloni. Watu walisahau chai mikononi, naye akavimba kichwa kwa raha.

Siku moja Jovitha akauliza, "Sawa, kaka Revo. Na vinaishaje?"

Revocatus akaanza tena na mipaka. Tangu hapo viti viligeukia kwa Jovitha. Mwanamke wa marobota ya suruali! Roho ilimuuma Revocatus, na sababu aliijua. Nimesema, alikuwa na wivu.

Palikuwa na Wakongo wawili: Mulumba wa Lubumbashi, upande wa serikali, na Bahati wa Bukavu, mji ulioshikwa na waasi. Zamani walishea kontena moja hadi Dar es Salaam. Vita vikawatenganisha. Hakuna aliyeweza kulijaza peke yake, mizigo ikakwama. Jovitha aliwabembeleza wiki tatu mpaka wakakubali. Mulumba apakie ndani kabisa, Bahati mlangoni, na marobota ya Jovitha yakae katikati yao.

Siku ya kupakia Revocatus akatokea. Hakualikwa. Robota la mwisho likiwa begani mwa mpakiaji, akauliza kwa upole, "Lakini jamani, aliyeanza ni nani?"

Dakika kumi tu, Mulumba na Bahati walikuwa wameshikana mashati. Laoban, yaani bosi wa mizigo, akaamuru kila kitu kishushwe.

Revocatus alifurahi. Ndiyo, wasikilizaji, alifurahi.

Jovitha akamtazama. "Umeshinda, kaka. Haya, wapakize wewe."

Alijaribu siku nzima. Kila chanzo cha vita vile alikijua, na watu wawili tu walimshinda.

"Aliniambia mwenyewe," anasema Mama Melania. "'Mela, yule dada sikumtaka. Nilimwonea wivu kwa sababu walimsikiliza.'"

Mama Melania na watoto, poleni sana. Nasi tujiulize: tukikazana kubishana nani alianza, ni nani tunamzuia kumaliza?

Mazishi ni Jumamosi, kijijini kwake Kashozi. Msemaji ni mmoja tu, marehemu aliagiza hivyo kabla hajafumba macho. Dada Jovitha, popote unapotusikia, ni wewe.