Chuo Chenye Joho Jekundu

Kutoka kiti cha upande wa pili wa matatu, Nangila aliona kwanza soksi nyeupe za kijana ndani ya sandali. Mwenyewe, Absalom, alikuwa akimweleza mama jirani yake garini kwamba leo lazima achague kimoja kati ya vyuo viwili vya digrii ya pili ya theolojia, ili baadaye akawahubirie wanafunzi wa vyuo.

"Huku ni Kigiriki cha Biblia na joho jekundu la mahafali, mama. Kule ni ushauri nasaha tu." Alilitaja joho kama mtu aliyekwisha kulipima.

"Na msichana akikujia analia, ati ana mimba, utamjibu kwa Kigiriki?" mama akauliza.

"Si atakaa benchi la nyuma kanisani mpaka atubu? Hiyo haisomewi, mama."

Gari likasimama Kamukuywa. Nangila akainuka kushuka.

"Mimi nilikalishwa hilo benchi," akamwambia Absalom, mara yake ya kwanza kulisema mbele ya watu. "Hakuna aliyegeuka kuniuliza kama nimekula."